Msumari wa Nne

Duka la kubadilishia fedha analofanya kazi shemeji yangu linatazamana na kibaraza ninachoshonea nguo, kwa hiyo hata nisipotaka nauona ubao wake. Ni ubao mweusi uliopigiliwa misumari mitatu. Kila asubuhi shemeji hutoka na sanduku la tarakimu za bati, akatundika bei ya siku: pesa zetu ngapi kwa moja ya nchi jirani.

Mtaa ulimbandika jina la Kumbukumbu. Historia ya bei hiyo aliijua kama wengine wanavyoujua ukoo wao. Harusi yake na dada yangu ilifungwa kwa arobaini na saba. Binti yao alizaliwa kwa themanini na mbili, na kila alipomkaripia alisema, "Wewe tangu themanini na mbili ni mkaidi tu." Mwaka ule mpaka wa nchi ulipofungwa, bei iliruka hadi mia mbili na tisini, ikarudi mia na kumi. Mwaka sukari ilipoadimika iliruka tena, ikarudi tena. Wateja walikuja kuuliza bei wakajikuta wanasikiliza hadithi, na kila hadithi aliimaliza vilevile: hurudi. Baada ya mavuno wafanyabiashara wa upande wa pili huvuka na pesa zao kununua nafaka, na bei hurudi.

Kisha dada akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango na kumimina chai nje ya kikombe. Tulicheka, tukasema ni uzee unabisha hodi. Daktari hakucheka. Alisema ni presha ya macho, inakula kuona kuanzia pembeni. "Mama, kilichokwenda kimekwenda," alimwambia. "Tunachoweza kuokoa ni kilichobaki, na ni upesi." Upasuaji wenyewe hufanyika upande wa pili wa mpaka, na kule walitaka pesa yao, si yetu.

Dada akauza kiwanja alichorithi kwa mama. Mnunuzi alileta fedha asubuhi, na ubao ulisoma mia tatu na kumi na mbili. Zilitosha upasuaji, kitanda na nauli ya watu wawili. Nilivuka barabara na futi yangu ya kupimia bado shingoni.

"Shemeji, badilisha leo."

"Leo ni kuwatajirisha watu bure," alisema. "Bei hii nimeiona ikipanda mara ngapi? Ngoja mavuno. Tutatibiwa na chenji ya miwani itabaki."

"Na macho yatangoja mavuno?"

Dada ndiye aliyenijibu. "Mwache. Yeye ndiye anayejua bei. Wewe jua mapindo yako."

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Aliyewabadilishia watu fedha maisha yake yote, siku ya kumbadilishia mkewe mkono uligoma.

Bei ikapanda hadi mia nne na zaidi. Mavuno yakaja, wafanyabiashara wakaja, na kweli ikateremka kidogo hadi mia tatu themanini na tano. Shemeji alitembea kifua mbele wiki nzima. "Si nilisema? Itafika mia tatu." Haikufika. Iligeuka ikapanda mia tano, ikapanda mia saba, na kila nilipomwambia abadilishe tulichonacho, alinijibu kwamba kubadilisha sasa ni kuikubali hasara. Siku moja nilimtukana, mbele ya wateja wake. Nilimwambia dada yangu si gunia la mahindi la kuwekwa stoo mpaka bei iwe nzuri. Alipanga upya tarakimu zake sandukuni.

Ilipofika mia tisa na kitu, bado alikuwa na tumaini moja la kijinga. Aliyetengeneza ule ubao, alisema, hakuwa mpumbavu. Aliweka misumari mitatu kwa sababu alijua bei haitafika elfu. Asubuhi moja akatoka na bati nne mkononi. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Halafu akapigilia msumari wa nne kwa kufuli la duka, maana nyundo hakuwa nayo.

Tulipiga simu hospitali kuomba wapunguze. Karani alikuwa na adabu sana. Alisema bei yao haijabadilika hata kidogo, ni ileile tuliyoambiwa mwanzo. Pesa ya kiwanja sasa isingelipa hata kitanda.

Siku hizi dada anashinda kibarazani kwangu. Anabaki kujua tu kama kuna mwanga au hakuna. Nampa vifungo avichambue kwa vidole, na anajitahidi. Shemeji akishatundika bei huvuka barabara kumjulia hali, na dada humuuliza, "Imeamkaje leo?"

Mara ya kwanza alimjibu, "Mia tano na themanini. Inarudi." Nyuma yake ubao ulisoma elfu moja mia mbili na arobaini. Nilikuwa na pini mdomoni, na zilipotoka bado sikusema neno. Toka siku hiyo ameiteremsha kila asubuhi, kidogo kidogo, kwa sauti yake ileile ya hadithi. Hajui kitu kingine cha kumpa mkewe. Wateja wangu nao wamejifunza kunyamaza, na redio yangu, isije ikatangaza bei, nimeizima.

Leo ubao unasoma elfu moja mia nne na tisini. Alivuka na sanduku lake kwapani.

"Imeamkaje?"

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema shemeji.

Dada aliacha vifungo. Uso wake wote ulifunguka, nikatamani nami nisiwe na macho ya kuuona. Alipapasa chini ya kiti akatoa mkoba, na nikaona kitenge na mswaki ndani yake. Sijui aliufungasha lini.

"Basi badilisha," alisema. "Funga duka, twende."

Shemeji alilikumbatia sanduku lake. Bati zilikuwa zikigongana ndani ya sanduku. Dada alisimama, akanyoosha mkono ili ashikwe, lakini aliunyoosha kando, pale ambapo hapakuwa na mtu.