Draiva za Zamani za Kompyuta ya Kanisa

Nyamira nzima hakuna anayeijua kompyuta kunishinda. Ndivyo nilivyowaambia wanakwaya wetu hapa Kebirigo, Ijumaa jioni, kompyuta ya kanisa ilipokataa kutoa sauti kwenye spika mpya.

"Eric, Sabato inaingia jua likitua," alisema Nyanchoka, mwalimu wa kwaya. "Baada ya hapo hatutengenezi chochote. Na kesho tunaimba mbele ya wageni wa Kiogoro."

"Tulia, mwalimu. Mlitoa spika za zamani, draiva zake, zile programu za kuziendesha, zikabaki ndani zikisumbua. Mimi nitazing'oa na mizizi."

Nikafungua orodha ya vifaa, nikaiamuru ionyeshe hata vilivyofichwa. Vilivyotolewa zamani huonekana vimefifia, basi nikafuta vyote vilivyofifia. Mkono ukanoga, nikaendelea kufuta hata ambavyo havikufifia.

Mara mshale wa kipanya ukaganda. Nikabonyeza kibodi, kimya. Nikachomoa waya, nikachomeka tena, wapi. Nje jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba, na Nyanchoka alikuwa ameshika kichwa.

"Ni virusi," nikasema kwa sauti ya daktari. "Kuna mtu alileta flashi chafu."

Mama Drusilla, shemasi aliyekuwa akipanga maua nyuma yangu, akanigusa bega.

"Mwanangu, projekta imewaka tangu uanze, nasoma kila kitu ukutani. Iliuliza kama una hakika unataka kufuta kibodi, ukakubali. Ikauliza kuhusu kipanya, ukakubali tena, huku unapiga mluzi."