Kitufe cha Achilia

Fundi wa programu alifungua kompyuta ya ofisi ya mahabusu, akaonja chai iliyokwisha poa, akakuta kitufe cha Achilia kimeshuka tena. Jana alikipanga juu kabisa, kabla ya Pokea na Ahirisha. Leo kilikuwa kimejibanza chini, nusu yake nyuma ya ukingo wa dirisha, kama mtoto anayekwepa kuoga.

Mdogo wake alikuwa mahabusu tangu mvua zilizopita, na kesi yake haitajwi. Afisa wa ofisi hiyo alikuwa amemwambia mama yao waziwazi kwamba angemwachilia kijana hata leo, ila haoni pa kubonyeza. Ndiyo maana fundi, dada mtu, aliiomba kazi hii, na hakuwa na mpango wa kushindwa na kitu cha ukubwa wa ukucha.

Alikipandisha, kikateleza. Alirefusha dirisha, nacho kikashuka na ukingo wake. Aliandika upya namba ya safu. Kikatii mpaka alipopepesa macho.

Afisa alipita, akauliza kama vifungo bado tu.

"Ni vitufe, bosi."

"Hapa kwetu ni vifungo."

Fundi alikunja mkono wa blauzi, akaingiza kidole ndani ya kioo hadi fundo la pili, akakibana kitufe pale juu. Kilikuwa na joto. Kilitapatapa kidogo, kikatulia. Mfagiaji alimwomba ainue miguu, akapitisha ufagio, akaenda zake.

Kwa mkono wa pili alimpigia mama simu.

"Mama, nimekishika. Lipige pasi shati lake."

"Usikiachie, mwanangu."

Afisa alirudi, akavuta kiti. Jina la mdogo wa fundi lilikuwa limefunguliwa tayari. Afisa alimwomba asogeze kidogo kidole, kinamziba, naye akasogeza bila kuachia. Afisa aliusifu mpangilio, akasema sasa hata kipofu angeona. Kisha akabonyeza Ahirisha, akaita jina linalofuata.

"Achilia hukuiona?" aliuliza dada mtu.

"Nimeiona. Imekaa vizuri sana."

Ilimuuma dada mtu mpaka machozi yakamlengalenga. Jina lingine lilikuwa limeshafunguka, la mtoto wa mama mwingine. Kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi, kwa hiyo aliingiza cha pili, akakitoa cha kwanza, akaendelea kukishika kitufe.