Karatasi Moja ya Wembe

Ambacho Nasuru hakukitambua, ingawa alikishika kwa vidole vyake mwenyewe, ni kwamba karatasi ya wembe ilikuwa moja. Asubuhi ile, uani kwa shangazi yake Rabia mjini Koboko, waliumikwa kwa pembe watu wawili: kwanza Asuman, mfanyabiashara wa mafuta wa njia ya Oraba, kisha yeye. Kazi ilipokwisha aliinama, mgongo ukimwasha, akaokota pamba zenye damu na kile kikaratasi, akavitia vyote motoni, kwa kuwa hakupenda shangazi abaki akifagia uchafu wa watu wazima. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Huwahesabu wanafunzi wakiingia darasani na huwahesabu tena wakitoka. Siku ile hakuhesabu.

Nia yake ilikuwa njema, na labda nia njema ndiyo iliyomfumba macho. Jamilah, dada yake wa tumbo moja, alikuwa na mimba ya tatu, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeuziba mlango wa kizazi. Madaktari wa Arua walisema waziwazi kwamba angepasuliwa, kwamba huenda angepoteza damu nyingi, na kwamba damu yake ni ya kundi O hasi, ambalo watu wake katika nchi hii ni adimu kama mvua ya Januari. Nasuru ni wa kundi hilohilo. Kwa miaka saba alikuwa akitoa damu, mara ishirini na sita kwa jumla, na kadi yake ya kwanza ilijaa mihuri hata akapewa ya pili.

"Utampa mtoto wa mama yako damu," Rabia alimwambia, "basi toa kwanza ile chafu. Tarehe kumi na saba ya mwezi, kuja kwangu."

Akaenda. Aliinamisha mgongo, pembe zikanyonya, wembe ukachanja, pembe zikanyonya tena. Kwake yeye hilo halikuwa jeraha. Lilikuwa sunna na tiba, na safari hii lilikuwa pia namna ya kumtayarishia dada yake kitu kisafi, kama mtu aoshavyo kikombe kabla ya kumpa mgeni maji.

Siku kumi na tisa baadaye, Jumanne asubuhi, aliketi mbele ya meza ya Filda katika benki ya damu mjini Arua. Filda ni mwanamke wa Kilugbara wa makamo, mshauri wa wachangiaji, na ndiye aliyekuwa akija shuleni kwa Nasuru kila muhula na masanduku yake ya barafu.

"Mwalimu, leo wewe ndiyo umetufuata," alisema.

"Leo nimeleta mpaka mlangoni, sista, kama muuza maziwa."

"Tutaangalia kama haukuongeza maji." Akavuta fomu. "Umeugua malaria?"

"Hapana."

"Umekunywa dawa wiki hii?"

"Hakuna."

"Umechanjwa mwili, umechorwa, umetobolewa?"

"Kwa umri wangu huu, sista, nitobolewe wapi?"

Filda alicheka, akatia alama yake, na swali likapita kama mgeni ambaye hakukaribishwa kukaa. Tone la damu ya kidole lilipodondoshwa katika maji ya buluu ya kupimia wekundu wa damu, lilizama moja kwa moja kama kijiwe, ishara kwamba damu ilikuwa nzito ya kutosha. Nasuru akalala kitandani, akakunja ngumi na kuikunjua. Mfuko ukajaa.

Saa sita mchana walikuwa wameketi barazani, nje ya wodi ya wazazi: Nasuru, shangazi Rabia aliyekuwa amesafiri naye, na Swaib, mume wa Jamilah. Hesabu ilikuwa rahisi, na kila mmoja wao aliijua. Jamilah angepasuliwa kesho saa mbili asubuhi. Daktari alitaka mifuko miwili ya O hasi iwe tayari kabla hajashika kisu. Katika friji mlikuwa na mmoja. Wa pili ulikuwa maabara, ukipimwa. Ulikuwa wa Nasuru. Na alfajiri ile Jamilah alikuwa ameamka akakuta shuka ina doa, hivyo hata kesho yenyewe haikuwa na uhakika.

Simu ya Rabia ikalia, ni bintiye Kadijah kutoka Koboko. Aliisikiliza akiwa ameiweka mbali na sikio, kama wafanyavyo wazee wasioamini kwamba sauti inaweza kupita mahali padogo.

"Nani? Asuman? Tangu lini?" Akasikiliza. "Sawa. Ambia bibi yake mimi nitarudi kesho. Nitamuumika tena, ile ya kwanza haikutoa yote." Akaifunga simu. "Kadijah ndiyo anasema. Asuman amelala hospitali Koboko, macho yake imekuwa kama bizari. Daktari anasema homa ya ini. Daktari naye, kila kitu iko na jina."

Swaib aliguna tu. Mawazo yake yalikuwa nyuma ya mlango wa wodi.

Nasuru alikuwa akikitazama kiganja chake cha kulia. Aliona tena pamba, rundo la mgongo wa Asuman na rundo la mgongo wake. Aliona tena kikaratasi kimoja chenye mafuta mafuta, kimekunjwa mara mbili. Akajaribu kukikumbuka cha pili. Aliutafuta ua wote kwa akili, chini ya mkeka, kando ya beseni, karibu na jiko. Hakikuwapo.

"Shangazi," alisema polepole, "siku ile ulifungua nyembe ngapi?"

"Siku gani?"

"Ya kumi na saba. Mimi na Asuman."

"Moja. Mpya kabisa, nilitoa kwa karatasi nikimwona Asuman anaingia. Halafu nikaosha na maji ya moto kabla ya wewe. Maji ilikuwa inachemka." Akamtazama. "Wewe si mutu wa njia. Wewe ni wa nyumbani. Nani anafungua wembe mbili kwa watu wa nyumba moja?"

Hapo ndipo Nasuru alipolielewa kosa kwa ukamilifu wake. Kwa wageni Rabia alifungua wembe mpya kila mara, maana mgeni huweza kwenda kumsema vibaya. Kwake Nasuru, na kwa Asuman, ambaye Rabia alimnyonyesha utotoni pamoja na bintiye Kadijah, kuutumia wembe mmoja ulikuwa ni upendo.

Akasimama. Swaib akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Kwa Filda."

"Kumwambia nini?" Swaib hakuwa mjinga, alikuwa amesikia kila neno na sasa alikuwa ameyaunganisha. Akashusha sauti. "Hiyo damu wanaipima. Si ndiyo kazi ya maabara? Kama iko na kitu, mashine itasema. Wewe nyamaza. Mashine isipoona, hakuna kitu."

"Na kama hakijaonekana bado?"

"Na kama Jamilah anatoka damu leo? Friji iko na mmoja tu. Unataka nimpe nini, soda?"

Nasuru aliutoa mkono wake. Alijua kwamba akinyamaza, mfuko ungepita, na kwamba pengine usingekuwa na kitu. Alijua pia kwamba neno "pengine" ndilo ambalo fomu ile yote iliandikwa kulizuia. Rabia alikuwa amejifunika ushungi hadi kwenye nyusi. Nusu ya Koboko ilikuwa imepita chini ya pembe zake.

"Ukisema," alisema Rabia bila kumtazama, "sema mimi niliosha na maji ya moto."

"Nitasema, shangazi."

Filda alikuwa akila mhogo wa kuchemsha na maharage mezani pake. Nasuru alibaki amesimama.

"Sista, kitu kikiingia kwa mtu leo, mashine yenu inakiona lini?"

"Inategemea ni kitu gani. Kingine kinajificha wiki, kingine miezi." Filda aliweka kijiko chini. "Mwalimu, unaniuliza kwa sababu ya wanafunzi, ama kwa sababu yako?"

"Yangu."

Akamweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyolieleza swali ubaoni: tarehe, pembe, wembe, maji ya moto, Asuman, macho ya manjano. Alipomaliza, Filda aliichukua simu ya mezani, akasoma tarakimu za mfuko mara mbili, akasema, "Huo uweke kando. Hata ukitoka safi, usitoke." Kisha akaikata.

"Nilikuuliza kama umechanjwa," alisema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilimuumiza Nasuru zaidi.

"Uliniuliza. Nilikujibu kwa mzaha."

"Na mimi nikacheka. Kwa hiyo tuko wawili." Akaigeuza fomu. "Mwaka mzima, mwalimu. Hautatoa. Na wewe mwenyewe utapimwa leo, na baada ya miezi mitatu tena. Sasa kaa hapo, tutafute mtu."

Filda alilifungua daftari la watu wa O hasi. Wa Arua na vitongoji vyake walikuwa saba. Alipiga simu huku akiongea Kilugbara, na Nasuru, anayekisikia kidogo, aliyafuata majibu kwa kuutazama uso wake. Draku alikuwa Kampala. Constantino alikuwa amemaliza dawa ya malaria juzi. Obitre wa Ayivu alikuwa tayari, hata alikuwa ameshaitoa baiskeli nje.

"Obitre, ngoja," Filda alisema, sasa kwa Kiswahili, kidole kikiwa kwenye tarehe. "Wewe ulitoa wiki kumi na moja zilizopita. Bado. Miezi mitatu ni miezi mitatu." Akasikiliza. "Najua uko na nguvu. Nguvu si kalenda. Rudisha baiskeli."

Swaib alikuwa amefika mlangoni na amesikia. "Wiki mbili tu," alisema. "Mama, wiki mbili ni nini?"

"Ni yeye kuanguka kwenye shamba la mtama kesho na mimi kwenda kueleza watoto wake," alijibu Filda, akapiga simu nyingine.

Jina lilikuwa Kevina. Aliuza maharage sokoni, na mara ya mwisho alikuwa ametoa damu miezi minne na siku tatu zilizopita. Kwa mwanamke miezi ni minne. Alikuja kwa bodaboda baada ya saa moja, vumbi la maharage likiwa bado mikononi, akauliza kama kuna mtu wa kumwangalizia meza yake. Swaib, asiyejua kuuza hata kiberiti, alisema angekwenda yeye.

"Usiuze kwa bei ya shemeji," Kevina alimwambia. "Nitajua."

Alijibu maswali ya Filda moja moja, bila haraka. Hapana. Hapana. Alitoboa masikio akiwa mtoto. Hapana. Kisha kidole chake kikachomwa, na tone likadondoka katika maji ya buluu.

Halikuzama. Lilikaa katikati ya chupa, jekundu na la mviringo, kana kwamba lilikuwa likifikiri. Filda aliitazama saa ya ukutani, maana tone lisipozama katika sekunde kumi na tano, damu hiyo haichukuliwi. Nasuru alihesabu, safari hii alihesabu. Sita. Saba. Nane. Tone likatikisika, likashuka kidogo, likasimama tena. Kumi. Kevina mwenyewe aliinama kulitazama, kama mtu anayetazama mizani ya mteja. Kumi na moja. Ndipo likateremka, taratibu, hadi chini.

"Imezama," Filda alisema, akaandika.

Jioni maabara ilileta majibu mawili. Mfuko wa Kevina ulikuwa safi, ukapelekwa kwenye friji. Mfuko wa Nasuru nao haukuonekana na kitu, na uliharibiwa hata hivyo. Swaib, aliyekuwa amerudi kutoka sokoni na hasara ndogo, aliposikia hilo alitoka nje na hakusema na shemeji yake hadi usiku kuingia.

Jamilah alipasuliwa Jumatano saa mbili na nusu. Alipoteza damu nyingi, kama walivyoogopa. Mfuko wa kwanza ulikwisha kabla hajashonwa, na wa Kevina ukafuata, hadi tone la mwisho. Alasiri alifungua macho akauliza ni mtoto gani. Ni msichana, wakamwambia. Akauliza ni damu ya nani. Nasuru akamwambia ni ya mwanamke wa maharage, kisha akamweleza kwa nini haikuwa yake. Jamilah akasema, "Basi mtoto aitwe Kevina," na Rabia, aliyekuwa kando ya kitanda, akasema jina hilo halimo kwenye ukoo. Mtoto aliitwa Rehema.

Baada ya miezi mitatu Nasuru alipimwa tena, na hakuonekana na kitu. "Nilisema," Rabia alimwambia. "Maji ilikuwa inachemka."

Lakini tangu mwezi ule, mtu akienda kuumikwa kwa Rabia, awe mgeni au wa nyumbani, huenda na wembe wake mwenyewe ukiwa ndani ya karatasi, na Rabia huifungua karatasi hiyo mbele yake. Nasuru hakutoa damu kwa mwaka mzima.