Majani ya Kilemba

Oktoba ya Maskati si kharif, majira ya majani kupukutika. Anayetaka kubisha na aje asimame hapa Hail saa saba mchana, kichwa wazi, tutasemezana akizindukana. Kharif ya Oman iko Salala, nayo ni mvua. Vuli ya Unguja nayo ni mvua. Hayo majani ya kugeuka dhahabu na kupukutika, Shaikha kayaona katika simu. Na kila anachokiona Shaikha katika simu lazima mtu mwengine akifanye kwa mikono yake.

"Shangazi," akanambia, "Shahad anavishwa pete tarehe saba. Tunapamba kharif. Nataka maboga arubaini ya kitambaa na majani mia. Ya dukani yana sura ya dukani. Wewe na Nakalanzi mtanishonea, kazi nyepesi tu hiyo."

Shaikha ni mke wa Safwan, na Safwan ni mtoto wa kaka yangu, marehemu Taimur; Shahad ni binti yao. Nnakaa kwao tangu nifiliwe na mume. Nakalanzi ni msichana wao wa kazi, katoka Masaka, Uganda. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa sita. Pasi yake ya safari imo ndani ya droo ya meza ya Taimur, na ufunguo anao Safwan. Kila akiuliza huambiwa mwezi ujao, hata mwezi ujao ukawa kama jina la mji asioufika mtu. Safari hii Shaikha aliapa mbele yangu: "Wallahi, pete ikishavishwa, wiki ile ile unapanda ndege." Nakalanzi akapiga magoti, ndivyo wanavyoshukuru kwao. Magoti yale sikuyapenda. Kiapo nilikiweka. Viapo vya watu naviweka, hakijanipotea hata kimoja.

Tukakaa chini kwenye chumba changu, kipoza hewa kinanguruma, tukashona. Boga la kitambaa halina elimu. Unaweka sahani ya wali juu ya kitambaa, unachora duara, unakata. Unapiga bandi ukingoni kuzunguka, unavuta uzi kidogo, mdomo unajikunja kama wa mfuko. Unajaza usufi, unavuta mpaka mwisho, unafunga. Halafu uzi mnene unaupitisha katikati na kuuzungushia nje, mara sita, ukiukaza, boga linapata mbavu. Kikonyo chake ni kijiti cha mdalasini. Usufi tulitoa kwenye mito yangu miwili ya zamani, maana pamba ya dukani Shaikha aliisahau, na kusahau kwa Shaikha hakujapata kuitwa ugonjwa.

"Jajja," Nakalanzi akasema. Ndivyo alivyoniita, bibi kwa Kiganda. "Hii kitu kwetu tunakula. Na majani yake tunapika. Mama akisikia niko Arabuni nashona boga atasema mtoto amerogwa."

"Mwambie huku watu wameshiba mpaka mboga wanaitia sindano."

Alicheka hata sindano ikamchoma. Akanyonya kidole.

"Mama macho yanaisha, Jajja. Dada anasema sasa anaona kivuli tu. Mtu anamjua kwa sauti. Mimi nataka anione. Hata kama ni kivuli, nataka akione changu."

"Atakuona. Kiapo nimekisikia mimi."

Nilisema hivyo. Niyaandike maneno yangu pia, si ya wenzangu tu.

Majani yalitusumbua. Mimi nilichora jani la mti wa mkungu, ndilo jani pekee ninalolijua linalopata wekundu kabla ya kuanguka, Unguja na hapa pia, nyuma ya nyumba kwenye ukuta. Shaikha akaligeuza geuza mkononi. "Shangazi, hili kama ulimi wa ng'ombe. Nnataka lile la vidole vitano." Tukachora la vidole vitano, la mti ambao hakuna mmoja wetu aliyepata kukaa chini yake. Jani la sitini na tisa lilipokatwa, kitambaa cha rangi ya kutu kikaisha.

"Tafuteni humo ndani ya nyumba," akasema Shaikha, simu sikioni. "Nguo kuukuu hazikosekani."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo.

Mwaka sabini na sita nilipata nafasi ya kusomea uuguzi. Mimi, Mwanamize, msichana aliyeingia Maskati na sanduku moja na Kiarabu cha kuchechemea. Barua ilitaka saini ya mlezi, na baba alikuwa keshafariki, kwa hiyo mlezi ni Taimur. Aliisoma amesimama, akaitia kwenye droo ya meza yake, akasema, "Tutaona mwezi ujao." Halafu akajifunga kilemba chake kipya cha tirma, sufi ya Kashmiri, rangi ya kutu na asali, akaenda kuanza kazi mpya. Barua ililala ndani ya droo mpaka nafasi ikapita. Kusoma nikajisomea mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia samaki, na nilichokisoma nikakisema kila pahala nilipoambiwa ninyamaze. Wakaniita mama wa malalamiko. Kilemba kile Taimur alikivaa miaka arubaini, kila harusi, kila Idi, na kila nilipokiona niliiona barua yangu.

Droo ni ile ile. Leo imo pasi ya Nakalanzi.

Basi nikaenda kwenye sanduku la Taimur, nikakitoa. Kimekunjwa vizuri, nondo wamekitoboa pembeni. Nikakitupa mapajani mwa Nakalanzi.

Akakishika kwa ncha za vidole. "Jajja, hii si ya mzee?"

"Mzee gani? Mzee yuko udongoni. Kata."

"Mister hatakasirika?"

"Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nakwambia kata."

Akakata. Nimekaa duniani miaka sabini na sijapata kusikia sauti tamu kama ile ya mkasi ukipita kwenye sufi ile. Yakatoka majani thelathini na moja. Tukayatia mishipa kwa uzi wa rangi ya chungwa. Yalikuwa mazuri kuliko yote, sina haja ya kuficha.

Siku mbili kabla ya pete Safwan akafungua sanduku. Alitaka kilemba cha babake awapokelee wanaume wa upande wa pili. Nilimsikia akizunguka, akifungua makabati. Kisha ukelele ukatoka ukumbini, ambako majani yalishatundikwa kwenye kamba juu ya mlango.

"Nani kafanya hivi? Nani?"

Shaikha akaja mbio, akaona, akaziba mdomo. Kilemba kile bei yake haitajwi, na fedha si kitu, ni cha babake, kila mtu Hail akikijua. "Nakalanzi!" akaita. "Nakalanzi, njoo hapa!"

Akaja na unga mikononi. Akatazama juu kwenye kamba, akanitazama mimi.

"Umekata wewe?"

"Ndiyo, Madamu. Jajja alisema."

"Nilisema mimi," nikasema. "Nilikitoa mimi sandukuni, kwa mikono hii, nikamwambia akate. Yeye aliuliza mara mbili. Nilifanya makusudi, Safwan, na sababu nnayo. Babako mwaka sabini na sita..."

"Shangazi." Safwan alinishika bega, polepole, kama unavyoshika yai. "Basi. Usijitie katika mambo haya."

"Najitia nini? Nakueleza!"

"Unamtetea, roho yako nzuri," akasema Shaikha. "Lakini juzi si ulisahau birika juu ya moto? Na mwezi uliopita ulimwita Shahad kwa jina la marehemu mamako."

"Birika nilisahau. Hili nakumbuka!"

"Naam, Shangazi. Naam."

Mnajua naam ile? Ni mlango unaofungwa bila ya kupigwa. Miaka hamsini walinambia nasema mno. Matusi hayo niliyamudu, maana anayekwambia unasema mno keshakusikia. Lakini naam ile sikuwa na silaha yake.

Shaikha akamgeukia Nakalanzi. "Na wewe huna haya? Unajificha nyuma ya bibi mgonjwa wa kichwa?"

Nakalanzi aliitazama tena kamba ya majani. Akafuta unga kwenye gauni. Akauliza kitu kimoja tu: "Madamu, na tiketi?"

"Tiketi!" Safwan akacheka, si kicheko cha furaha. "Unarudi ofisini kwako kesho asubuhi. Wakutafutie nyumba ambayo haina cha kukata."

Ofisi maana yake ni ile iliyomleta. Msichana akirudishwa na lawama, ofisi humtia nyumba nyengine, na miaka miwili huanza upya, tangu siku ya kwanza. Alilijua hilo, na mimi nalijua.

Walimpeleka asubuhi. Mimi nikavaa baibui, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikakamata teksi mpaka Sib, kwenye ofisi ile. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili, kila kitu, tarehe na saa. Kijana wa mapokezi alinikaribisha kahawa. Alizisoma karatasi zangu mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akauliza kwa adabu, "Mama, nani kakuleta? Una namba ya mtu wa nyumbani?"

Nyuma ya kioo walikuwa wasichana sita kwenye benchi. Nakalanzi aliniona, akasogea mpaka mlangoni.

"Jajja, rudi nyumbani."

"Siondoki mpaka wasikie."

"Nimeshapata nyumba. Iko Ansab. Watoto watano. Madamu mpya anakuja saa sita." Akaangalia kama kijana anasikia. "Ukisema sana wataandika mimi ni wa matatizo. Nyumba za watu wa matatizo ni mbaya zaidi. Tafadhali."

"Nakalanzi, mwanangu, mimi ndiye..."

"Najua Jajja. Nilikuwepo." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. "Mimi niliuliza. Wewe ulitaka kukata."

Safwan alifika baada ya nusu saa. Kijana alikuwa keshampigia. Akamshukuru sana, akampa mkono, akaomba radhi. Nilisikia neno "kapotea". Mimi, niliyeitoka Hail na kuifika Sib bila ya kuuliza njia.

Pete ilivishwa tarehe saba. Majani hawakuyateremsha. "Yashakatwa, tufanyeje tena?" alisema Shaikha, na kweli yalipendeza, mwanga wa taa ukipita ndani yake. Wageni waliyapiga picha. Mmoja, Bi Masouda, alikaa karibu yangu akala halwa, akayasifu.

"Hilo ni tirma," nikamwambia. "Kilemba cha Taimur. Nilikitoa mimi, akakata msichana, na msichana ndiye aliyeliwa kichwa."

Akanipapasa mkono. "Mashaallah, Bi Mwanamize, bado una hadithi zako." Akaongeza halwa.

Amekuja msichana mpya, Kyomuhendo. Hana maneno, na mimi simpi yangu. Wiki iliyopita Shaikha alimpa kipande kilichobaki cha kile kilemba, ukubwa wa kiganja, na uzi uliobaki wa rangi ya chungwa. Akamwambia atarizi namba ya simu ya Safwan, akishone ndani ya baibui langu, kwenye shingo, ili nikipotea tena watu wajue pa kunirudisha.

Nilikifumua. Akakishona tena, kwa amri. Nikakifumua mara ya pili. Alikishona tena amepiga magoti mbele yangu, nami nimelivaa baibui, na alipokata uzi kwa meno akasema polepole, "Tafadhali, Mama. Madamu atasema ni mimi."

Basi nimekiacha. Kinanikereketa shingoni, sufi ya zamani, na kushona kashona vizuri.