Kikao cha Nyumba ya Azaiba

Mawakili walipanga kila kitu ili Shatha na Jaifar wasiumizane. Wawili hao walikuwa wameafikiana kuachana bila ya kufika mahakamani, kwa vikao vya watu wanne: wao na mawakili wao. Shatha afike saa tatu unusu, mumewe saa nne, na kila mmoja akae chumba chake mpaka aitwe. Meza iwe ya duara. Ajenda ipelekwe siku tatu kabla, na jambo lisilokuwemo lisizungumzwe. Akizidiwa mtu, kikao kisimame.

Vikao viwili vya mwanzo vilipita salama. Cha tatu kilifanyika Hamriya, ofisini kwa Noof, wakili wa Shatha, na jambo lilikuwa moja tu: nyumba yao ya mtaa wa Azaiba. Jaifar alitaka iuzwe. Shatha hakutaka, kwa sababu ya chumba cha mtoto wao Safwan. Hakikuguswa tangu maji ya wadi, bonde kavu linalofurika mvua ikinyesha, yalipomchukua, miaka miwili nyuma, ndani ya gari la baba yake.

"Kila nikija kuchukua vitu vyangu nnauona ule mlango," Jaifar alisema. "Siwezi tena."

"Ungeyaona na yale maji, usingeingiza gari."

Wakili wa Jaifar, Bader, akaweka kalamu chini. "Bi Shatha, hilo halimo."

"Muache," Jaifar akasema, macho mezani. "Ulinipigia simu mara tatu, Shatha. Wageni wamefika, wewe unaaibika, nifanye haraka. Polisi sikuwaambia. Hata mama sikumwambia."

Shatha alisukuma kiti nyuma, akasimama. Simu zile alizifuta siku ileile, mtoto bado anatafutwa, na miaka yote miwili alijiambia kuwa mumewe kasahau.

Noof alimtoa, akamtia chumba cha pili, akafunga mlango na kumpa maji.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Tunaweza kuakhirisha. Tupange siku nyengine."

"Siku nyengine sitokuja."

Waliporudi hakuna aliyekuwa amegusa chai. Shatha alikaa.

"Iuzwe," alisema. Kisha akamgeukia Jaifar, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika vikao vyote. "Nna suala moja. Halimo kwenye karatasi."

Noof akamtazama Bader. Jaifar akaitikia kwa kichwa.

"Alilia?"

Nje basi lilipiga honi, likapiga tena.

"Alikuwa kalala kiti cha nyuma," Jaifar alisema. "Nnadhani hakujua kitu."

Shatha alimtazama usoni na hakuweza kutambua kama anasema kweli au anamuonea huruma. Hakumuuliza tena. Alivuta karatasi akatia saini.

Bader, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliuliza kwa sauti ndogo kama hayo ya mwisho ayaandike.

"Usiyaandike," Jaifar akamwambia.