Swali la Kabla ya Sindano

Mzee Tologon aliingia hospitali ya wilaya kwa miguu yake mwenyewe, na hilo lilimuudhi Daktari Burulai kuliko jambo lolote asubuhi ile. Mtu mwenye maumivu ya kifua hapandi ngazi kumi na mbili eti majirani wasimwone akibebwa. Lakini wanaume wa bonde lile ndivyo walivyo. Nyuma yake mkewe, Mama Kalipa, alikuwa amemshika koti, akimsuta hatua kwa hatua.

"Panda, panda! Waonyeshe watu ubabe. Ukianguka nakuruka, naendelea na safari yangu."

Maumivu yalikuwa yamemshika alfajiri akiwapa kondoo nyasi. Sasa ilikuwa saa mbili. Wakamtafunisha aspirini, wakampima moyo, na Burulai hakuhitaji kuitazama karatasi ya vipimo mara mbili. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa moyo. Katika mji mkuu, Bishkek, wangeuzibua kwa mrija mwembamba, lakini Bishkek ilikuwa mwendo wa saa nane, na theluji ya Machi ilikuwa imefunga njia ya mlimani tangu jana. Kabatini kwa muuguzi Sonun kulikuwa na chupa moja ya dawa ya kuyeyusha donge. Basi.

Dawa ile ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Inayeyusha donge la moyoni, na kama kichwani kuna jeraha bichi, inalifungua nalo, mtu akafa kwa damu kumwagikia ubongoni. Ndiyo maana kuna maswali kabla ya sindano.

"Umewahi kupooza, baba? Vidonda vya tumbo? Upasuaji?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

"Umeumia kichwa miezi ya karibuni?"

"Hapana," akasema upesi mno, jicho likimponyoka kuelekea kwa mkewe.

Burulai aliliona jicho lile. Bonde zima lilijua kwamba Tologon alicheza mchezo wa kugombania mzoga wa mbuzi juu ya farasi kwa miaka thelathini, na kwamba aliacha mdogo wake alipofia mchezoni. Akamwomba Mama Kalipa asubiri nje.

"Sasa hayupo, baba. Ulianguka?"

Mzee akafumba macho. "Nilianguka, mwanangu. Kichwa kikatangulia. Nikazimia, vijana wakanimwagia maji."

"Lini?"

"Hapo ndipo pana shida. Siku zile zimenivurugikia. Mwezi uliopita? Au kabla ya mwaka mpya? Sijui."

Kama ni mwezi uliopita, sindano ingeweza kumuua. Kama ni zamani, kumnyima ndiko kungemuua, na kila dakika nyama ya moyo ilikuwa inakufa.

"Niruhusu nimuulize mama."

Mzee akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo mgonjwa kama yeye hakutarajiwa kuwa nazo. "Usithubutu! Nilimwapia nimeshika mkate kwamba sitacheza tena. Kiapo cha mkate hakivunjwi, mwanangu! Ndio huu umenikaba kifuani. Niache nife nao."

"Kilichokukaba ni donge la damu na miaka arobaini ya sigara," Burulai akasema kwa hasira. "Usiusingizie mkate."

Akatoka, hajui atasema nini. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mama Kalipa alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Anakuambia hajaanguka, siyo?"

Burulai akafunga mlango nyuma yake.

"Alianguka mwezi wa kumi, siku ya harusi ya kijana wa Eshimkul. Tulikuwa tunachimba viazi. Alirudi kofia imegandana na nywele kwa damu, nikaifua akiwa amelala. Wiki nzima akawa anamwita ng'ombe kwa jina la mama yake."

"Una hakika ni mwezi wa kumi?"

"Viazi huchimbwa lini, mwanangu?"

"Na baada ya hapo? Kutapika, kichwa kuuma, kuanguka tena?"

"Hata kidogo. Kisha akamuuza farasi mwenyewe, akasema anakula sana. Nami nikasema kweli, anakula sana."

"Kwa nini hukumwambia unajua?"

Mama Kalipa alimtazama kama anayemtazama mtoto. "Nilitaka aache. Sikutaka ajione ameshindwa mbele yangu."

Miezi mitano, na hatari ni ndani ya mitatu. Burulai aliihesabu kwa vidole, akaihesabu tena, kisha akarudi ndani.

"Umemuuliza?" mzee akafoka.

"Sikumuuliza," akajibu, na ilikuwa karibu na kweli, maana mama ndiye aliyeanza kusema. "Sonun, lete dawa."

Baada ya sindano kulikuwa na kazi moja tu, kungoja, na hiyo ndiyo ngumu. Sonun alimpima presha kila baada ya dakika tano. Burulai alimuuliza mzee majina ya wajukuu, apate kusikia kama ulimi unateleza. Haukuteleza. Dakika ya arobaini mapigo kwenye kioo cha mashine ya moyo yakaenda mrama, Sonun akaruka kutoka kitini.

"Tulia," Burulai akasema. "Nadhani mshipa umefunguka. Moyo umeshtuka kupata damu."

Mapigo yakakaa sawa. Wakampima moyo tena, na mistari iliyokuwa imepanda kwenye karatasi ikawa imeshuka.

"Maumivu, baba?"

"Yamekwenda," mzee akasema, kama asiyeamini.

Burulai akageukia dirisha, akafuta macho.

Mama Kalipa alipoingia, mumewe alikuwa ametazama dari. "Kalipa," akasema, "nilivunja kiapo. Niligombania mbuzi tena. Nikaanguka."

Mama Kalipa akapiga makofi, akajibwaga kitini.

"Ulianguka? Wewe mzee! Lini? Na mimi mkeo nisijue?"

Akamkaripia kwa muda mrefu, akamkumbusha mdogo wake, watoto, na uzee wake, hata wagonjwa wa chumba cha pili wakachungulia. Burulai alijifanya anasoma karatasi. Mzee Tologon alipokea yote kimya, rangi ikimrudia usoni.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nitafikiria," akasema Mama Kalipa, akimfunika miguu.