Basi Tupu Uwanja wa Ndege

...na bado haijatua, ubao wa taa pale mlangoni ulisema imechelewa dakika arobaini, mara arobaini zimekuwa sabini, na mimi nimekaa hapa maegesho na basi la viti arobaini na nane, halina mtu isipokuwa mimi na Mzee wa Jezi na mabegi yake ya vifaa, injini inanguruma kwa sababu meneja wa timu alipiga simu akasema, "Dereva, washa kiyoyozi mapema, vijana wasikute joto," sawa bosi, nimewasha, nusu saa nzima napoza viti, vimepoa kama maziwa ya kwenye friji, wenye kuvikalia hata sijui kama wameruka au bado wako kule kwetu wanapigana picha na mabegi yao ya magurudumu, ninachojua ni kwamba nimetoka nyumbani alfajiri, kilomita mia tatu na kumi, mwendo wa saa nne na nusu, mimi na mzee huyu akikoroma, kwenye lami ile ile ambayo wangeweza kukaa humu ndani wakakoroma na wao, lakini wapi, tangu tupande daraja timu yetu haikanyagi barabara, timu kubwa hupaa, basi ndilo linatangulia tupu kwenda kuwapokea, liwapeleke hotelini dakika ishirini, keshokutwa liwarudishe hapa hapa, kisha ligeuze tupu tena mpaka nyumbani, hebu mtu anieleze, anieleze polepole maana shule mimi sikukaa sana, "...mbili hazina wenzake, unanisikia, kaka?" Mzee wa Jezi anahesabu soksi kwenye kiti cha nyuma yangu, nakusikia mzee, soksi, "Nasema zikipungua soksi kesho hawatamuuliza aliyezivua, wataniuliza mimi," ndiyo mzee, watakuuliza wewe, sisi ndio wa kuulizwa, wachezaji wenyewe ndio walionibatiza Rubani, enzi za daraja la pili, nikikata kona nahodha anapaza sauti, "Rubani, tufunge mikanda?" basi zima kicheko, nyimbo, kocha anajifanya kalala, tunasimama njiani kununua machungwa, kipa anashuka kuchimba dawa na wenzake wanamhesabia sekunde kwa sauti, kipa huyo huyo ambaye sasa akishuka kwenye ndege uso umempauka kama unga, mkono wa daktari wa timu kaung'ang'ania kama mtoto siku ya kwanza ya shule, juzi kaninong'oneza, "Rubani wangu, mimi huko juu natubu mpaka dhambi za utotoni," na bado magazeti yanaandika kwamba ndege inawapumzisha wachezaji, inawaokolea muda, muda gani, waripoti saa mbili kabla, wavuliwe viatu na mikanda, wasubiri, waruke dakika arobaini na tano, wasubiri mabegi, mimi niwafikishe mjini, piga hesabu, saa nne, mimi nne na nusu, nusu saa, kwa ajili ya nusu saa ndege ya kukodi inatoka mji mwingine tupu kuja kuwachukua, inawashusha, inarudi kwao tupu, na huku chini mimi nami tupu, watu ishirini na sita tu ndio wanaosafiri lakini mafuta yanaungua juu na chini, kwenda na kurudi, kama nyumba iliyowasha majiko mawili kuchemsha kikombe kimoja cha chai, na maneno hayo ya majiko si yangu, ni ya mwanangu, aliyasema... basi, nisianze, nimejiambia tangu alfajiri nisianze.

Ila meneja akitoka mlango ule cha kwanza ataniuliza, hataniuliza safari ilikuwaje, ataniuliza, "Vipi, binti yako?" leo Ijumaa, alisema Ijumaa, na simu ninayo hapa mfukoni inanichoma paja, jibu limo ndani yake tayari, ni kubonyeza tu, kidole kimoja, hata nguvu haitaki, kwa nini sijabonyeza, nilisimama kituo cha mafuta sikubonyeza, nilisimama kwenye mizani sikubonyeza... mwanangu, wa pekee, yuko mwaka wa pili chuoni, beki wa kushoto wa timu ya wasichana ya mtaa wetu, timu isiyo na uwanja, maana uwanja ule wa bondeni mvua za miaka miwili zimeugeuza bwawa, si mvua tulizozoea, hizi zinakuja kwa mkupuo, zinamwaga ya mwezi mzima kwa siku moja kisha zinapotea mpaka mahindi yananyauka, goli moja limesimama katikati ya maji, vyura wanalitumia, na yeye siku ile alirudi na viatu mkononi, safi, havikuchezewa, akakaa mezani jikoni akaanza, "Baba, basi lenu linakunywa lita ngapi kwenda tu?" nikacheka, nikamwambia mia na kumi, na mlima ule ukiwa na foleni ya malori mia na ishirini, akaandika, "Na likiwa tupu?" mwanangu, likiwa tupu linakunywa karibu yale yale, basi halijui limebeba nani, akaandika, akauliza saa za kuripoti, akauliza ndege inalala wapi, na mimi, Rubani asiyeulizwa kitu na mtu yeyote klabuni kwa misimu miwili, nilijaa kama tairi, nikaleta daftari langu la safari, nikavaa miwani, nikamsomea safari moja moja, tarehe, saa ya kutoka, saa ya kufika, mama yake anasema chakula kinapoa, niache mama watoto, tuna kazi hapa, jioni tamu ile, wallahi, sikumbuki nyingine tamu hivyo na mwanangu tangu alipoacha kupanda mgongoni, akanichokoza, "Baba, sema kweli, wewe unaionea ndege wivu," nikamwambia ndiyo, naionea, kwani uongo, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani, halafu akasema taratibu, "Mimi sisemi ndege ya timu yetu ndiyo imeleta bwawa, baba, ila kila ukimuuliza mtu anakwambia si mimi."

Kioo kinagongwa, mama mmoja mlinzi wa maegesho, fulana ya njano, mtandio kaubana puani, nashusha kioo joto linaingia, anasema, "Kaka, zima injini, nimekaa nyuma yako hapa tangu saa nne navuta moshi wako," nami nasema bila hata kufikiri, "Dada, si mimi, nimeambiwa na bosi," limenitoka lenyewe, si mimi, limetoka laini kama nililifanyia mazoezi, yeye ananitazama, hana hata hasira, kachoka tu, anasema, "Bosi yuko wapi?" nasema bado yuko angani, anasema, "Basi huko aliko moshi haumfikii," na anakohoa, anageuza shingo akohoe pembeni kwa adabu, kama vile yeye ndiye mwenye kosa, nikazungusha ufunguo, kimya, masikio yanavuma, "Ah, kaka, tutaiva humu!" Mzee wa Jezi analalamika, fungua dirisha mzee, jasho haliui, "Meneja je?" meneja niachie mimi, nimesema meneja niachie mimi, mimi huyu, ebo, Jumanne nilipoitwa ofisini kwake nilisema nini, feni inazunguka, kombe liko kwenye kabati la kioo, barua ya mashabiki iko mezani, saini mia sita za watu ambao mwanangu aliwakusanya geti la uwanja mechi tatu mfululizo, wanaiomba klabu safari yoyote isiyozidi saa tano kwa barabara timu ipande basi, waliisoma mpaka redioni, meneja kapiga mistari ya wino mwekundu chini ya kila namba, akaniuliza, "Huyu aliyeandika si binti yako?" nikasema ni wangu, "Hizi lita kazitoa wapi, hizi saa, hata ndege kuja tupu kaandika, nani kampa?" na mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu kwenye ndara, nikasema, "Sijui bosi, watoto wa siku hizi na mitandao," nikasikia sauti yangu, ya mtu mwingine kabisa, akasema, "Basi mpaka Ijumaa aandike nyingine, aseme namba alizibuni, mkataba wako unaisha mwezi ujao, sitaki mengi," na mengi kweli hakuyataka, alinishika bega vizuri tu, alinipa na soda.

Nilifika nyumbani yuko uani anakung'uta viatu vyake vile, nikamwambia andika kwamba ulibuni, nikaongeza ukali ili asipate nafasi ya kuuliza, akauliza hivyo hivyo, "Nilibuni, baba?" maneno mawili, nikaingia kuoga, na tangu hapo tunazungumza kupitia mama yake kama timu mbili zenye refa mmoja, mama mwambie baba chai tayari, mama watoto mwambie huyo azime taa, mpaka leo nilipokuwa kituo cha mafuta natazama simu nikakuta, "Baba, nimeiandika. Nimesema namba nilizibuni. Sijaituma, nakusubiri wewe. Ukifika salama niambie," na chini yake barua yenyewe, fupi, haina kosa la herufi hata moja, anaomba radhi klabu, anaomba radhi mashabiki mia sita, anasema alikurupuka, mwanangu ambaye alinirudisha kwenye daftari mara tatu kwa sababu safari moja sikuandika saa ya kufika, akasema, "Bila hiyo hatuiweki, baba, wasije wakasema tunadanganya," tutakuwa waongo wote sasa, yeye kwa ajili yangu na mimi kwa ajili ya usukani, na kesho mtu akimnyooshea kidole geti la uwanja, yule msichana mzushi, mimi nitakuwa wapi, nitakuwa humu, nimekaa kwenye kiti changu cha springi nasikiliza soksi, na nilidhani hasira yangu ni ya ndege, misimu miwili naitukana ndege barabara nzima, ndege na wenye ndege na mameneja na viyoyozi vyao, kumbe mimi nilipoulizwa swali moja jepesi, nani kampa, nilikuwa na jibu moja la kweli na nikalimeza na soda juu yake, hapana, hapana, toa simu, miwani iko wapi, iko kichwani, andika, vidole vinene hivi, "Mwanangu usitume hiyo," futa, nimeandika mwanagu, rudia, "Mwanangu usitume. Namba nilikupa mimi kutoka daftari langu na ni za kweli. Leo namwambia meneja mwenyewe akishuka. Nilikukosea," tuma, imekwenda, alama mbili, moyo unadunda kama nimekanyaga breki kwenye utelezi, mkataba, ada ya muhula, mama yake nitamwambiaje, sijui, leseni ninayo, malori yapo, sijui, Mzee wa Jezi anauliza, "Wamesema nini, wanatua?" nasema bado, mzee, bado kabisa, na ubao pale mlangoni umebadilika tena, sasa ni dakika tisini, mama mlinzi kaondoa mtandio puani anakunywa maji, na kwenye simu jina la mwanangu linasema anaandika, linaacha, linasema anaandika...